Mfuate anakoangalia

Swali ambalo sisi wazazi wa watoto wenye usonji tunaulizwa kuliko yote ni hili: "Ameshaanza kuongea?" Shangazi anauliza kwenye simu, daktari anauliza huku kalamu iko mkononi, mgeni anauliza hata hajakaa. Ni swali la haki. Lakini liko jingine linalopaswa kulitangulia, nalo ni nadra kuulizwa: mtoto akiona kitu kinachomsisimua, anakutafuta ili na wewe ukione? Ukimwonyesha kitu, anageuka kukitazama? Wataalamu wanaiita hali hiyo umakini wa pamoja. Ni watu wawili na kitu kimoja, kila mmoja akijua kwamba mwenzake naye anakitazama kilekile.

Nina binti na mdogo wake wa kiume, na huyu wa pili ndiye mwenye usonji. Nimewalea chini ya paa moja, kwa nyimbo zilezile na maneno yaleyale, na tofauti yao ilijitokeza kabla hata ya maneno. Binti yangu, wakati bado anatembea kwa kuyumba, akisikia ndege inapita angani aliacha kila alichokuwa akifanya. Kidole juu, macho kwangu, macho juu tena, kisha kwangu, na "eeh! eeh!" isiyokoma mpaka nami niinue uso na kusema, "Ndege! Ndege hiyo, inakwenda." Hapo ndipo aliporidhika. Hakuwa akitaka nimletee ndege. Alitaka tuwe wawili tunaoiona.

Mapenzi ya mdogo wake yalikuwa feni. Alilala chali chini yake, mikono ikipigapiga hewa, mwili mzima ukitetemeka kwa raha. Furaha yake haikupungua hata chembe mbele ya ile ya dada yake. Ila hakugeuka kuangalia kama nami naiona. Feni ikizimwa alinijia, akanishika kifundo cha mkono na kuuvuta mkono wangu hadi kwenye swichi, bila kunitazama usoni. Wazazi wenzangu mkisoma hapa mnajua ninachosema, maana mikono yenu nayo imeshavutwa hivyo mara nyingi.

Mwaka 1975 Elizabeth Bates, Luigia Camaioni na Virginia Volterra waliandika kuhusu watoto wachanga waliowafuatilia nchini Italia, na wakatenganisha mambo mawili ambayo kwa jicho la haraka yanafanana. Mtoto ananyoosha kidole ili apewe kitu. Mtoto huyohuyo, wakati mwingine, ananyoosha kidole ili tu mtu mwingine akione kitu kile. La kwanza ni kuomba, la pili ni kushirikisha. Kwa watoto wenye usonji kuomba huwa kunapatikana, pengine kwa kuchelewa, pengine kwa mkono wa mama badala ya kidole. Kushirikisha ndiko kunakokosekana zaidi, na ndiko kunakotazamwa sana na wanaopima usonji kwa watoto wadogo. Mwaka 1994 Julie Osterling na Geraldine Dawson walizipitia video za nyumbani za sherehe za kutimiza mwaka mmoja, za watoto ambao baadaye walitambuliwa kuwa na usonji na za wengine wasio nao. Keki, nyimbo, wajomba wanapiga makofi; hakuna aliyekuwa akimpima mtoto siku ile. Hata hivyo tofauti zilionekana: watoto waliokuja kutambuliwa kuwa na usonji walitazama nyuso za watu kwa uchache zaidi, walionyesha vitu kwa uchache zaidi, walinyoosha kidole kwa uchache zaidi, na hawakugeuka sana walipoitwa majina yao.

Upande wa pili wa jambo hili ni kufuata. Michael Scaife na Jerome Bruner, nao mwaka 1975, walionyesha kwamba mtu mzima akigeuza kichwa kutazama pembeni, mtoto mchanga naye hugeuka, na wanaofanya hivyo huongezeka kadiri umri unavyosogelea mwaka wa kwanza. Kwa hiyo tunapozungumzia umakini wa pamoja tunazungumzia njia mbili: mtoto kukuita wewe utazame anachokitazama, na mtoto kuitikia unapomwita yeye. Kwa watoto wengi njia hizi zinaanza kufunguka kati ya miezi tisa na mwaka mmoja, na kidole hufuata karibu na miezi kumi na miwili. Mtoto aliyefikisha miezi 18 na bado haonyeshi chochote kwa kidole anastahili kupelekwa kuangaliwa, na kabla ya yote apimwe masikio. Asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa, na ni makosa makubwa kulitolea hukumu jambo ambalo kipimo cha kusikia kingelieleza.

Sasa, kwa nini kutazama kuhusike na kuongea? Nilisoma mengi kutafuta jibu, na lililonifumbua macho ni jaribio la Dare Baldwin, lililochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Fikiria mtoto wa miezi 18 au 19 amekaa na mwanasesere asiyemjua, amezama kumchezea. Mbele yake yuko mtu mzima ambaye anachungulia ndani ya chombo chenye kitu kingine ambacho mtoto hakioni. Akiwa anachungulia humo, mtu mzima anatamka neno jipya, neno la kubuni ambalo mtoto hajapata kulisikia. Kama mtoto angejifunza kwa kuoanisha tu sauti aliyoisikia na kitu kilicho machoni pake, neno lile angelibandika kwa mwanasesere wake. Hafanyi hivyo. Anainua uso, anaangalia msemaji anatazama wapi, na baadaye akiulizwa analihusisha neno lile na kilichokuwa chomboni. Kwa umri ule tayari anajua kwamba maneno ni ya anayeyasema, na kwamba ili kujua neno linahusu nini inabidi kwanza ujue msemaji anatazama nini.

Mwaka 1997 Simon Baron-Cohen, Baldwin mwenyewe na Mary Crowson walirudia wazo hilo kwa watoto wenye usonji. Sehemu kubwa yao waliliweka neno kwenye kitu walichokuwa wakikitazama wao wenyewe, si kile alichokitazama msemaji. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Mtoto anayejifunza maneno kwa njia hiyo si kwamba hajifunzi. Anajifunza sana, ila sehemu ya anayojifunza inamwendea kombo bila mtu yeyote kugundua. Mama anasema "viatu" akiwa ameelekea mlangoni, mtoto macho yako kwenye kifuniko cha chupa kinachozunguka sakafuni. Hapo kifuniko kimepata jina, na jina lenyewe ni viatu.

Leo Kanner, daktari aliyeeleza usonji mwaka 1943 kwa kuwaelezea watoto 11, aliandika miaka mitatu baadaye kuhusu mvulana aliyekuwa akitamka maneno ya wimbo fulani wa watoto kila alipoona sufuria. Wengi wangesema ni upuuzi. Mama yake alikumbuka: mtoto alipokuwa na miaka miwili, alikuwa akimwimbia wimbo ule jikoni, sufuria ikamponyoka ikaanguka chini. Mlio, sufuria na maneno viliingia kichwani mwa mtoto kama kitu kimoja. Nampenda Kanner kwa kukaa na mama yule hadi maana ikapatikana. Wangu alikuwa na sentensi yake ndefu aliyoitoa kwenye katuni, na kwa muda tuliiona kama mwangwi mtupu. Dada yake ndiye aliyetugutusha kwamba huisema pale tu anapoona mlango unafungwa na mtu anaondoka. Tukarudi kwenye ile katuni, na kweli, ni maneno yanayosemwa mhusika mmoja anapoagana na mwenzake. Alikuwa akisema kwaheri, kwa neno alilolipata mahali ambapo macho yake yalikuwepo.

Uhusiano kati ya umakini wa pamoja na lugha umepimwa pia. Peter Mundy, Marian Sigman na Connie Kasari waliwapima watoto wadogo wenye usonji na kuwarudia baada ya mwaka mmoja hivi. Ripoti yao ilitoka mwaka 1990. Kilichobashiri jinsi lugha ya watoto wale ingekua ni ishara zao za umakini wa pamoja, kama kuonyesha vitu na kuhamisha macho kati ya kitu na mtu. Kiwango cha lugha walichoanza nacho hakikubashiri, wala alama za akili. Mzazi aliyeambiwa "tusubiri tuone kama ataongea" ana haki ya kuujua utafiti huu, kwa sababu unaonyesha kwamba kuna jambo la kushughulikia tangu leo wakati maneno bado hayajaja.

Kwa watoto wasio na usonji uhusiano huo upo vilevile. Rechele Brooks na Andrew Meltzoff walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto wanaofuata macho ya mtu mzima wakiwa na miezi 10 au 11 huelewa maneno mengi zaidi wakiwa na miezi 18. Lakini Kristen Bottema-Beutel alipozikusanya tafiti nyingi na kuzichambua pamoja mwaka 2016, alikuta kwamba kule kuitikia umakini wa mwingine kunahusiana na lugha kwa nguvu zaidi kwa watoto wenye usonji kuliko kwa wenzao. Jambo hilo lilinisumbua kwa muda. Mtu angetarajia kinyume chake, kwamba wanaofanya zaidi ndio wanaofaidika zaidi. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba mtoto asiye na usonji ana milango mingi ya kupitishia lugha. Nameera Akhtar na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba mtoto wa miaka miwili anaweza kujifunza neno kwa kusikiliza tu watu wengine wawili wakizungumza pembeni. Binti yangu alikuwa hivyo hasa. Alirudi na maneno ambayo hakuna aliyemfundisha, mengine tungetamani asiyasikie. Asiyeyachota maneno kwenye maongezi ya watu wengine analazimika kutegemea zaidi yale machache yanayomfikia uso kwa uso, na hapo umakini wa pamoja unabeba mzigo mkubwa kuliko kawaida. Huo ni ufahamu wangu mimi niliyeyasoma haya kama mzazi, na nautetea kwa sababu unalingana na ninachokiona nyumbani kila siku.

Ukilikubali hilo, swali linalofuata ni nani amfuate nani. Mazoea ni kumwita mtoto aje kwetu. "Angalia hapa. Hapa. Angalia mama. Hiki ni nini?" Mwaka 1986 Michael Tomasello na Michael Jeffrey Farrar walifanya jambo rahisi kwa watoto wasio na usonji wa umri wa karibu mwaka mmoja na nusu. Maneno mengine waliwafundisha kwa kutaja kitu ambacho mtoto tayari anakitazama, mengine kwa kumwondoa kwenye kitu chake na kumwelekeza kwingine. Maneno yaliyofuata macho ya mtoto yalishika vizuri zaidi. Kama ni hivyo kwa mtoto ambaye kugeuka hakumgharimu kitu, itakuwaje kwa ambaye kugeuka ni kazi nzito?

Michael Siller na Marian Sigman ndio walionijibu, katika utafiti wa mwaka 2002. Waliwatazama wazazi wakicheza na watoto wao wenye usonji, wakahesabu ni mara ngapi mzazi anazungumzia kile ambacho mtoto ameshakishika au anakitazama, bila kumdai abadilishe. Watoto ambao wazazi wao walifanya hivyo zaidi walikuwa na maendeleo makubwa zaidi ya umakini wa pamoja na lugha, na tofauti hiyo iliendelea kuonekana hata miaka 10 na 16 baadaye. Kuna jambo jingine kwenye utafiti huohuo ambalo ningependa libandikwe kwenye kila chumba wanamopokelewa wazazi: wazazi wa watoto wenye usonji, kwa ujumla, waliwafuata watoto wao sawasawa na wazazi wa watoto wengine. Usonji hautokani na mama asiyejali. Ile nadharia ya karne iliyopita, kwamba ubaridi wa mama ndio chanzo, iliwatesa wanawake wengi bila sababu, na sitaki mtu asome makala haya akatoka na lawama ileile iliyovishwa nguo mpya. Kumfuata mtoto ni msaada tu, kama vile mwenye kuona vibaya anavyosogezewa maandishi.

Kwetu ilikuwa hivi. Nililala chali sakafuni kando yake, chini ya feni. Sikumwambia aniangalie. Nikasema, "Inazunguka." Nikanyamaza. "Inazunguka, inazunguka." Nikainuka, nikazima, nikarudi kulala. Mapanga yakapunguza mwendo. "Pole pole... pole pole... imesimama." Neno moja au mawili, yakitamkwa pale ambapo jambo lenyewe linatokea mbele ya macho yake. Ikawa mchezo wetu. Ilipita zaidi ya msimu mmoja kabla hajasema "imesimama" mwenyewe, akilitangulia lile langu, macho yakiwa bado juu. Hakunitazama, wala sikuhitaji anitazame. Tulikuwa wawili tunaoiona feni, na safari hii neno liliangukia mahali pake.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo nina msimamo mkali nalo. Mtaalamu mmoja tuliyempitia alikuwa na kawaida ya kumshika mtoto kidevu, kumwelekeza uso, na kusema "niangalie" kabla ya kumpa kitu alichokitaka. Mwanangu alijifunza. Alijifunza kukodoa macho kwa sekunde moja, uso umekakamaa, kisha kunyakua kitu na kukimbia. Kwenye fomu iliandikwa kwamba ameendelea. Mimi sikuona maendeleo yoyote pale, kwa sababu hakukuwa na kitu walichokishiriki. Macho yalikuwa ada ya kulipia kitu. Watu wazima wenye usonji wameeleza mara nyingi kwamba kutazamana macho kwa macho kunawaumiza au kunawafanya wasisikie wanachoambiwa. Tunapaswa kuwaamini. Na umakini wa pamoja hauna sharti la macho kukutana. Chen Yu na Linda Smith walipowavisha watoto wa mwaka mmoja na wazazi wao vifaa vya kufuatilia macho wakiwa wanacheza, ripoti yao ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba watoto wale hawakuutazama sana uso wa mzazi. Walitazama mikono. Mikono yao na ya mzazi ilipokishika kitu, macho ya wote wawili yakakifuata, na hivyo ndivyo walivyokutana. Hao ni watoto wasio na usonji. Watoto wasioona nao hujifunza lugha bila kufuata jicho la mtu yeyote, kwa mguso na kwa sauti. Kwa nini basi mtoto mwenye usonji ndiye adaiwe macho kabla ya kupewa neno?

Umakini wa pamoja unaweza kufundishwa kwa upole, na ushahidi upo. Connie Kasari na wenzake waliwagawa kwa kura watoto 58 wenye usonji, wa miaka 3 na 4, katika makundi matatu: moja likafanyiwa kazi ya umakini wa pamoja, moja la mchezo wa kuigiza, na moja likaendelea na huduma ya kawaida. Kazi ilikuwa nusu saa kwa siku, kwa wiki 5 hadi 6. Mwaka mmoja baadaye, kwa mujibu wa ripoti ya 2008, makundi mawili ya kwanza yalikuwa yamepiga hatua kubwa zaidi katika kuongea kuliko la tatu. Na walioanza wakiwa na maneno machache kabisa walifaidika zaidi wakiwa kwenye kundi la umakini wa pamoja. Wale ambao aghalabu huambiwa bado hawajawa tayari ndio waliopata zaidi.

Hata hivyo sitamdanganya mzazi yeyote kwamba atakayefuatwa vizuri ataongea. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba karibu asilimia 30 ya watoto wenye usonji wanafika umri wa shule wakiwa na maneno machache sana au hawana kabisa, hata wakiwa wamepata msaada. Kwa upande mwingine, Ericka Wodka na wenzake walichunguza mwaka 2013 taarifa za watoto 535 wa miaka 8 na zaidi ambao walikuwa wamechelewa sana kuongea walipokuwa na miaka minne. Asilimia 70 walikuwa wameshafikia kuunganisha maneno, na asilimia 47 walikuwa wanaongea kwa ufasaha. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mlango hufungwa mtoto akitimiza miaka minne hana ushahidi. Na kwa mtoto ambaye sauti inachelewa au haiji, kadi za picha na vifaa vya kubonyeza vinavyotoa sauti havimfanyi mvivu wa kuongea. Tafiti zilizokusanywa na kupitiwa pamoja hazijaonyesha kwamba vinapunguza maneno ya mdomoni. Watoto wengine huyaongeza kidogo. Wangu anatumia vyote viwili, mdomo na picha, na siku akiwa amechoka ni picha tu.

Jambo ninalolipigania kwa sasa ni ripoti. Mtoto akipimwa umakini wa pamoja, mara nyingi anayepima ananyoosha kidole kwenye picha ya ukutani na kutazama kama kichwa cha mtoto kitageuka. Wangu hutazama kwa pembe ya jicho, kichwa kikiwa kilekile kilipokuwa, na dakika kadhaa baadaye anaiendea ile picha na kuigusa. Kwenye karatasi huyo anapata sifuri. Kwa hiyo kila anapopimwa naomba mambo mawili yaandikwe mbali na alama: ni vitu gani alivitazama kwa hiari yake akiwa chumbani mle, na aliyempima alisema nini wakati akivitazama. Baadhi hukataa, wakisema fomu haina nafasi ya maelezo hayo. Wengine hugeuza karatasi wakaandika nyuma.